Barua Pepe Bila Bando: Kujenga Hotspoti ya Linux kwa Redio ya Safarini

Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia. Siku nane baadaye nyaya mbili za baharini zinazotuletea intaneti, EASSy na Seacom, zilikatika kwenye bahari ya Afrika Kusini, na kuanzia Dar es Salaam hadi Kampala watu wakabaki wakitazama kurasa zisizofunguka. Matukio hayo hayakuwa na uhusiano, lakini kwa mwenye leseni ya redio ya ridhaa yaliuliza swali moja: kama leo minara ya simu imekaa kimya, au nyaya za baharini zimekatika, unaweza kutuma barua pepe ukiwa kando ya barabara, na ikamfikia mtu aliye Nairobi au Muscat?

Jibu lipo. Linaitwa Winlink, mfumo wa barua pepe kwa njia ya redio unaosimamiwa na Amateur Radio Safety Foundation, taasisi ya Marekani isiyo ya faida, na kuendeshwa na waredio wanaojitolea sehemu nyingi za dunia. Redio yako huwasiliana na kituo-lango. Kituo hicho, kilicho mahali ambapo intaneti ni nzima, huipokea barua na kuipeleka kwenye seva, na mpokeaji huiona kwenye barua pepe yake ya kawaida. Mabaharia wa mashua za tanga wanaovuka Bahari ya Hindi wameitegemea kwa miaka mingi. Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico Septemba 2017, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikiomba chama cha waredio cha nchi hiyo, ARRL, kiwapatie waendeshaji 50 wa kwenda kisiwani kusaidia kupeleka taarifa za manusura.

Zamani kazi hii ilidai kompyuta ya mapajani ifunguliwe juu ya boneti, waya zikining'inia na jua likikuzuia kuona skrini. Siku hizi kikompyuta kidogo cha Linux kinakaa chini ya kiti cha gari, kinarusha Wi-Fi yake chenyewe, na simu iliyo mfukoni inakuwa skrini na kibodi. Makala haya yanaeleza jinsi ya kukijenga. Lakini kabla ya waya wowote, shika jambo moja: hotspoti ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, na kwa sababu ni rahisi, ndiyo inayodanganya kuliko zote. Simu ikikuambia imeunganishwa, haijakuambia kwamba barua itaondoka.

Viungo vinne vya mnyororo

Barua yako hupita sehemu nne. Kwanza simu huzungumza na kikompyuta kwa Wi-Fi. Pili, programu ya barua iliyo ndani ya kikompyuta huipanga na kuibana barua. Tatu, programu ya modemu huigeuza kuwa milio ya sauti. Nne, redio na antena huirusha milio hiyo hewani. Mtu akiunganisha vyote vinne siku moja kisha akabonyeza kitufe cha kutuma na isitoke kitu, hajui aanzie wapi. Atabadilisha antena wakati kosa liko kwenye sauti, au ataifuta na kuisimika upya programu ambayo haina shida yoyote.

Kwa hiyo ushauri wangu wote unasimama hapa: kila kiungo kithibitishwe peke yake kabla ya kukifunga kwenye kinachofuata. Anza mezani ukiwa na intaneti, hamia kwenye redio mbili zilizo jirani, halafu ndipo utoke kwenda masafa ya mbali. Ukifuata mpangilio huo, kila hatua itakuonyesha kosa lake yenyewe.

Vifaa

Raspberry Pi 4 inatosha kabisa, na hata Raspberry Pi 3 ya zamani itaifanya kazi hii. Zero 2 W ni ndogo na haili umeme mwingi, ila ina tundu moja tu la USB la kuchomekea vifaa, kwa hiyo utahitaji habu. Kama unayo kompyuta ya mapajani ya zamani yenye Linux, usiitupe. Andika amri ya iw list, kisha tafuta orodha ya namna ambazo kadi yake ya Wi-Fi inaweza kufanya kazi. Ukiona AP humo, kadi hiyo inaweza kurusha hotspoti.

Kwa upande wa redio, angalia kwanza kama yako ina kadi ya sauti ndani. Icom IC-7300 na IC-705, kwa mfano, huunganishwa na kompyuta kwa waya mmoja wa USB unaobeba sauti na amri kwa pamoja. Redio isiyo nayo itahitaji kiunganishi cha nje, kama Digirig au SignaLink, chenye kadi ya sauti na, ikiwezekana, njia ya kuiamuru redio irushe. Redio ya mkononi ya VHF nayo inafaa kwa kuanzia.

Ongeza memori kadi nzuri na nakala yake ya pili iliyo tayari, chaja ya volti 5 na ampea 3 inayochukua umeme wa volti 12, na vipande vya feraiti vya kubana kwenye waya za USB. Feraiti hizo usiziache. Ukirusha kwa HF, yaani mawimbi mafupi, nguvu zake huingia kwenye waya wa USB na kuikata kadi ya sauti katikati ya barua. Redio hubaki imeshikilia kurusha, na wewe unabaki unatafuta kosa kwenye programu.

Kuwasha hotspoti

Raspberry Pi OS ya tangu Oktoba 2023 inatumia NetworkManager, na hiyo imeturahisishia mambo. Zamani tulihangaika na faili za hostapd na dnsmasq, moja ikikataa kuwaka kabla ya nyingine. Sasa ni amri chache. Fanya kazi hii ukiwa umeunganisha kikompyuta kwa waya wa mtandao, si kwa Wi-Fi, la sivyo utajikatia njia ukiwa kati.

Kwanza weka nchi uliyopo kwenye raspi-config. Bila hivyo redio ya Wi-Fi hubaki imefungwa, kwa kuwa kila nchi ina masharti yake ya chaneli na nguvu. Kisha andika:

sudo nmcli connection add type wifi ifname wlan0 con-name posta autoconnect yes ssid REDIO-POSTA

sudo nmcli connection modify posta 802-11-wireless.mode ap 802-11-wireless.band bg 802-11-wireless.channel 6

sudo nmcli connection modify posta ipv4.method shared ipv4.addresses 10.42.0.1/24

sudo nmcli connection modify posta wifi-sec.key-mgmt wpa-psk wifi-sec.psk "nywila-ndefu-hapa"

sudo nmcli connection up posta

Amri ya kwanza inaunda muunganisho na kuupa jina. Ya pili inauambia uwe kituo cha kurushia badala ya mteja, kwenye bendi ya 2.4 GHz ambayo kila simu inaishika. Ya tatu inaipa mashine anwani isiyobadilika, 10.42.0.1, na kuiagiza igawie simu anwani zake. Ya nne inaweka nywila. Kama hapo awali uliisajili Wi-Fi ya nyumbani kwenye mashine hiyo, uzime muunganisho huo usijiwashe wenyewe, maana utagombea kadi ileile kila mashine inapowaka.

Wako wanaopenda mashine iamue yenyewe: ikiiona Wi-Fi ya nyumbani ijiunge, isipoiona iwe hotspoti. Mimi sishauri. Mashine ikiwaka, inaweza kuamua kabla haijamaliza kutazama mitandao iliyopo, na siku moja itachagua vibaya ukiwa porini. Wi-Fi ibaki hotspoti siku zote. Ukihitaji kusasisha programu nyumbani, chomeka waya wa mtandao, na kwa kuwa tumetumia njia ya shared, hata simu iliyo kwenye hotspoti itapata intaneti kupitia waya huo.

Sasa zima mashine, iwashe tena, na ujiunge kwa simu. Hapa ndipo wengi hukwama bila kujua. Simu nyingi za Android zikiona Wi-Fi haina intaneti huuliza kama ungependa kubaki. Usipojibu, au ukijibu vibaya, hurudi kwenye bando kimyakimya huku alama ya Wi-Fi ikiendelea kuonekana. Kubali kubaki, na zima data ya simu kabisa wakati wa kazi. Kwenye kivinjari andika anwani nzima, http:// ikiwemo, kwa sababu vivinjari vya siku hizi hukimbilia https, ambayo mashine yako haina.

Pat, karani wa barua

Programu ya barua ninayoipendekeza inaitwa Pat. Ni ya bure, chimbuko lake ni kwa waredio wa Norway, na uzuri wake mkubwa ni kwamba sura yake ni ukurasa wa wavuti. Simu haihitaji kusimikwa chochote. Isimike kwa kifurushi cha .deb, kisha andika pat configure na ujaze mambo manne: kolisaini yako, nywila ya akaunti ya Winlink, lokata ya mahali ulipo, na http_addr.

Lokata ni ile ramani ya miraba wanayoitumia waredio: Dar es Salaam iko KI93, Nairobi iko KI88. Ijaze kwa usahihi, kwa kuwa Pat huitumia kupima umbali wa vituo-lango. Na hiyo http_addr ndiyo inayowakwamisha wengi. Ikitoka kiwandani inasema localhost:8080, maana yake ukurasa unafunguka ndani ya mashine yenyewe tu na simu haiuoni. Ibadilishe iwe 0.0.0.0:8080. Halafu iagize iwake kila mashine inapowaka:

sudo systemctl enable --now pat@pi

Badala ya pi weka jina la mtumiaji wa mashine yako. Ukifungua http://10.42.0.1:8080 kwenye simu, utaona sanduku lako la barua.

Jaribio la kwanza lisihusishe redio hata kidogo. Chomeka waya wa intaneti, andika barua ya kujitumia mwenyewe kwenye barua pepe yako ya kawaida, kisha chagua kuunganisha kwa telnet. Tazama kwa makini kinachotokea. Ukibonyeza kutuma, barua inaingia kwenye Outbox tu. Haijaenda popote. Itahamia Sent pale tu ambapo kituo cha upande wa pili kimethibitisha kuipokea. Mfundishe hivyo kila mtu atakayeitumia mashine hii, maana kwenye simu tumezoea kwamba kubonyeza ndiko kutuma.

Ukijibu barua hiyo kutoka barua pepe ya kawaida, itafika. Lakini mtu ambaye hujawahi kumwandikia akikutumia barua kwa anwani yako ya Winlink, yaani kolisaini ikifuatwa na @winlink.org, huenda ikakataliwa. Winlink huzuia barua taka kwa orodha ya wanaoruhusiwa, na anayeandikiwa nawe huingizwa humo moja kwa moja. Kwa hiyo waandikie mapema ndugu, viongozi wa timu yako na watu wa ofisi unaotarajia kuwahitaji. Usisubiri siku ya shida.

Ukiwa bado na intaneti, pakua pia fomu za dharura na orodha ya vituo-lango. Vyote viwili hukaa kwenye mashine na kutumika baadaye bila mtandao.

Modemu: kazi ya sikio na subira

Anza na VHF. Programu ya Direwolf huigeuza kadi ya sauti kuwa modemu ya biti 1200 kwa sekunde. Faili lake la mipangilio linahitaji mambo machache: kadi ya sauti ipi, kolisaini ipi, kasi ipi, na redio iamriwe kurusha kupitia tundu lipi. Usizitaje kadi na matundu kwa namba. Leo kadi yako ni namba 1, kesho baada ya kuchomeka kifaa kingine inakuwa namba 2, na modemu inanyamaza. Itaje kadi kwa jina lake, na tundu kwa njia iliyo chini ya /dev/serial/by-id, ambayo haibadiliki. Pat huungana na Direwolf kupitia mlango wa AGWPE, namba 8000. Kwenye mipangilio ya Pat, sehemu ya ax25, chagua agwpe.

Baada ya hapo kaa na usikilize. Fungua alsamixer, zima kipengele kinachojipandishia na kujishushia sauti chenyewe, kisha panga kiwango cha kupokea. Direwolf huandika kiwango cha sauti ya kila pakiti inayoipokea, na unachokitafuta ni kama 50. Kwa upande wa kurusha, mwombe mwenzako mwenye redio nyingine asikilize. Sauti ikikwaruza au kuvimba, punguza. Waredio wapya wengi hudhani sauti kubwa inafika mbali zaidi, kumbe inaharibu umbo la milio na kituo cha pili hakielewi neno. Ukiridhika, hifadhi viwango kwa alsactl store, ili visipotee mashine ikizimwa.

Jaribio la hatua hii ni la watu wawili. Kila mmoja awe na mashine yake, Pat ya mwenzako iagizwe isikilize, na mtumiane barua moja kwa moja, bila kituo-lango. Pat inakuruhusu kuweka alama kwamba barua ni ya moja kwa moja tu. Kwetu Afrika Mashariki njia hii ina thamani kubwa. Magari mawili ya uokoaji, moja Kilindoni penyewe bandarini na jingine kwingineko kisiwani Mafia, yanaweza kupeana orodha ya majina na mahitaji bila seva yoyote duniani kuhusika.

HF: pale umbali unapoanza

VHF huishia karibu na upeo wa macho. Ukitaka kumfikia mtu aliye mkoa mwingine, au kituo-lango kilicho nchi nyingine, unahitaji HF. Modemu iliyo wazi kwa wote ni ARDOP, na toleo linalotunzwa sasa huitwa ardopcf. Hufanya kazi kwa upana wa Hz 200, 500, 1000 au 2000. Njia mbaya ya hewa huipunguzia kasi badala ya kuiua. Ipo pia VARA, ambayo ina kasi zaidi, lakini ni programu ya Windows, na kuiendesha kwenye Raspberry Pi kunahitaji Wine pamoja na kigeuzi kingine juu yake. Anza na ARDOP, uizoee, halafu uamue.

Masafa nayo yana mtego wake. Pat ikikuonyesha vituo-lango, kila kimoja kina safu mbili za masafa: ya katikati na ya daya. Redio yako ikiwa kwenye saidibendi ya juu, namba unayoiweka kwenye daya iko kilohezi 1.5 chini ya masafa ya katikati. Kituo kilichoandikwa 7101.5 kHz katikati, unakiita ukiwa 7100.0. Ukiweka ile ya katikati utakuwa umekosea kwa kilohezi 1.5, na utaita mpaka betri iishe.

Antena ndiyo inayoamua. Fimbo ya gari kwenye 7 MHz hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zako kuwa joto. Kwa hiyo ukitaka kutuma barua, simamisha gari. Tandaza dipoli ya waya: kwa 7.1 MHz urefu wake wote ni kama mita 20, yaani mita 10 kila upande. Funga katikati yake kwenye tawi au mlingoti wa mita 4 hadi 6, na ncha zake zishuke kwenye vigingi. Kuwekwa chini namna hiyo hakukupunguzii sana kwa kazi hii. Mawimbi hupanda karibu wima, hugonga tabaka la ioni angani, na kurudi chini kwenye eneo lote linalokuzunguka kwa kilomita mia kadhaa, yakivuka milima ambayo VHF isingeivuka. Kwetu tulio karibu na ikweta, mchana tabaka hilo hurudisha 7 MHz vizuri sana. Kwa vituo vya mbali zaidi, panda hadi 10 au 14 MHz. Ncha za dipoli zina volti kubwa wakati wa kurusha, kwa hiyo ziwe mbali na njia ya watu na watoto.

Punguza nguvu pia. Redio ya wati 100 imetengenezwa kwa maongezi yenye vituo, lakini modemu hurusha kwa nguvu moja mfululizo. Wati 30 hadi 50 zinatosha, na sindano ya ALC isicheze, au icheze kidogo sana. Redio itakaa baridi na milio itakuwa safi.

Barua nazo ziwe fupi. Winlink inaruhusu hadi kilobaiti 120 kwa barua pamoja na viambatanisho vyake, lakini kwa biti 1200 kwa sekunde mzigo huo ungechukua zaidi ya dakika 13 hata kama hakuna pakiti moja iliyopotea, na HF mara nyingi ni taratibu zaidi. Pat huipunguza picha unapoiambatanisha, ila jiulize kwanza kama picha hiyo inasema jambo ambalo maneno 20 hayawezi kulisema.

Umeme, joto na saa

Piga hesabu kabla ya safari. Raspberry Pi 4 hula takriban nusu ampea kwenye betri ya volti 12, na redio nyingi za HF zikipokea tu hula ampea 1. Kwa saa 10 hiyo ni ampea-saa 15. Ukirusha jumla ya dakika 15 kwa ampea 10, ongeza 2.5. Betri ya litiamu-fosfeti ya 20 Ah itakufikisha jioni. Betri ya asidi, ambayo haipendi kushushwa chini ya nusu, itabidi iwe ya 40 Ah. Usitegemee betri ya kuwashia gari, maana ikiisha utakuwa na matatizo mawili.

Usiweke mashine juu ya dashibodi. Raspberry Pi hujipunguzia kasi ikifika nyuzi 80, na gari lililoegeshwa juani huifikisha huko upesi. Izime kwa amri au kwa kitufe ulichokipangia kazi hiyo. Kuchomoa umeme ghafla ndiko kunakoharibu memori kadi. Raspberry Pi 4 pia haina saa yenye betri, kwa hiyo ikiwaka bila intaneti haijui tarehe, na barua zako zitabeba tarehe isiyo ya kweli. Kipokezi kidogo cha GPS cha USB, pamoja na gpsd na chrony, huitibu shida hiyo na kukupa mahali ulipo kwa ajili ya ripoti.

Leseni na ufunguo

Hotspoti yenyewe haihitaji leseni ya redio ya ridhaa. Kinachorushwa na antena ya dipoli kinaihitaji. Nchini Tanzania leseni hutolewa na TCRA, Kenya na CA, Uganda na UCC, na kolisaini zetu huanza na 5H, 5Z na 5X. Usirushe bila leseni hata kwa majaribio mafupi.

Ibara ya 25 ya Kanuni za Redio za ITU inakataza kuficha maana ya mawasiliano ya kimataifa kati ya vituo vya ridhaa. Barua za Winlink hubanwa ili ziwe ndogo, lakini hazifichwi, na Winlink yenyewe imeweka njia ya waredio wenye leseni kuzisoma barua zilizopita hewani. Kwa hiyo usitume namba ya benki, jina la mgonjwa pamoja na ugonjwa wake, wala jambo la biashara. Ibara hiyohiyo inasema mawasiliano ya kimataifa kwa niaba ya mtu asiye na leseni yaruhusiwe katika dharura na misaada ya maafa tu, isipokuwa mamlaka ya nchi imeamua vingine. Waulize wenye mamlaka wa kwenu kabla ya kumtumia jirani salamu kupitia kituo-lango cha ng'ambo.

Hapa ndipo nywila ya Wi-Fi inapopata uzito wake. Ukurasa wa Pat hauombi nywila ya pili. Yeyote aliyeingia kwenye hotspoti yako anaweza kubonyeza kitufe, na redio itarusha kwa kolisaini yako. Nywila hiyo basi ndiyo ufunguo wa leseni yako. Iwe ndefu, isibandikwe kwenye kioo cha gari, na ibadilishwe kila baada ya zoezi lililoshirikisha watu wengi. Watu wengine waandike barua zao, lakini kitufe cha kuunganisha kibonyezwe nawe, au na mwenye leseni mwingine aliye kando yako.

Zoezi la kila wiki

Chagua siku moja katika wiki. Zima data ya simu, chomoa waya wa intaneti, washa mashine kwa betri tu, na tuma barua moja kwa VHF na moja kwa HF. Andika kwenye daftari ni kituo-lango kipi kilijibu, saa ngapi, na kwa masafa gani. Baada ya miezi michache daftari hilo litakuwa na thamani kuliko orodha yoyote, kwa sababu litakuambia kutoka mahali pako na kwa antena yako ni nani anayepatikana asubuhi na nani usiku.

Halafu mpe simu mtu mwingine wa timu yako ambaye hajui Linux ni nini, umwachie aandike barua mwenyewe huku wewe ukinyamaza. Kila swali atakalouliza ni dosari ya maelekezo yako. Andika jibu lake kwenye karatasi moja, ilamineti, na uiweke ndani ya sanduku la mashine: jina la hotspoti, anwani ya ukurasa, jinsi ya kujua barua imeondoka, na jinsi ya kuzima. Mwenye leseni anaweza kuwa hoi kwa homa siku hiyo. Akiwa amelala kando ya redio na kazi yake ni kubonyeza kitufe kimoja tu, barua za wengine bado zitaondoka.